Kata Niliyoipigia Goti

Walikuja kwetu Nduruma mara mbili kumtaka mtoto wangu, na mara zote mbili baba aliwarudisha na pombe yao, debe zima, halijapungua hata tone. Mimi sikuwaona. Mara ya kwanza nilikuwa mjini. Mara ya pili nilijifungia jikoni nikamziba mtoto mdomo kwa ziwa, asije akalia wakajua yumo. Nilisikia sauti tu za wanaume watu wazima, wale wanaokohoa kwanza kabla ya kusema jambo la aibu.

Jambo lenyewe hili hapa. Kijana wao alinipa mimba nikiwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Alikuwa dereva wa watalii. Miaka ile serikali ilikuwa imelegeza kamba, kila mwenye gari amefungua kampuni, na yeye alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Nilipomwambia, alicheka. "Kamtafute mwenye nayo," akasema. Baba alipotuma watu wakaulize, mama yake akajibu kwamba wasichana wa sekondari wanajulikana. Nikajifungua, nikalea, na hakuna mtu wa kwao aliyekuja hata na kipande cha sabuni. Halafu, mtoto akiwa na mwaka na nusu, gari likapinduka na yule kijana njia ya mbugani, akafa. Hakuwa na mtoto mwingine. Kaburi halijaota majani, wakakumbuka kwamba damu ni yao.

Najua marehemu hasemwi. Mimi namsema.

Kwetu jambo kama hili lina njia yake. Upande wa mwanamume unapika pombe ya ndizi na ulezi. Mzee wao anaichota kwa kata, anaonja yeye kwanza, kisha anaigeuza kata upande wa pili na kumpa msichana kwa mikono miwili. Msichana akipiga goti, akapokea, akanywa, basi kosa limeoshwa na mtoto ni wa kwao. Akiimwaga chini, imekwisha, hakuna atakayerudi kuuliza. Karatasi hakuna. Ukimeza, umesaini.

Mara ile ya pili, nikiwa jikoni, nilimsikia baba akiwaambia: "Siku binti yangu atakapopokea kata yenu kwa mikono yake mwenyewe akainywa, njooni mmchukue mtoto. Mimi simzuii. Lakini simlazimishi pia."

Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote. Nilijua sitakunywa hata wanifuate nayo kitandani.

Nilikuwa nimepanga chumba Ngarenaro, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, pamoja na mwenzangu wa dawati. Tulikaa dawati moja miaka minne, tukafeli pamoja, na sasa tulikuwa tunauza mitumba pamoja, tukimpokezana mtoto. Rafiki yetu wa tatu alikuwa mwenye grosari ya mtaani. Alikuja Arusha kutoka Kilimanjaro kufuata biashara, ametuzidi miaka kama kumi, mwanamke wa maneno mengi na mkono usiofumba. Lazima niseme ukweli wake wote. Mtoto wangu alipopata nimonia, ni yeye aliyekaa naye wodini siku mbili mchana ili mimi nipate kufumba macho. Alimlisha uji kwa kijiko kama wake. Ningekuwa simpendi, nisingeandika haya.

Wakati huo waini ya ndizi ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Bia ilikuwa ghali, na watu waliopunguzwa kazi kwenye mashirika walikuwa wamerudi mashambani, wakanunua mapipa ya plastiki, wakaanza kuvundika ndizi. Kila wiki chupa mpya dukani. Mwenye grosari akasema anataka kuchagua waini moja, nzuri, ya kuuza kwake.

"Jumamosi tupande Meru," akatuambia. "Nyumba tatu. Tunaonja, tunakula nyama, tunarudi. Wewe mama mtoto nakutegemea, una ulimi. Mama yako si mpishi wa pombe?"

"Ndiyo, lakini mtoto nimwache na nani?"

"Umwache wa nini? Njoo naye. Apate hewa, maskini. Humu anavuta moshi wa mageti tu."

Nikaona anamjali. Nikamfulia mtoto sweta.

Tulipanda nyuma ya pikapu iliyokuwa inafuata ndizi Tengeru, tukashuka nyumba ya kwanza. Mwenyewe alikuwa mtunza stoo wa shirika fulani zamani, na bado alivaa koti lake la kazi la bluu, kalamu mfukoni, ingawa hakuna kilichobaki cha kuandika. Mapipa aliyapanga kwenye banda la magari ambalo halijawahi kuona gari. Waini yake ilikuwa siki. Kwenye chupa alibandika karatasi yenye picha ya zabibu.

"Baba, hizi ni ndizi au zabibu?" mwenzangu wa dawati akamuuliza.

"Mteja hanunui ndizi, binti. Ndizi anazo nyumbani kwake."

"Na umewahi kuiona zabibu wewe?"

"Kwenye picha," akasema, akacheka peke yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni anatuangalia midomo tunavyoonja, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mwenye grosari aliuliza bei, akauliza kreti ngapi kwa wiki, akalipia glasi zetu tatu, akasema tutarudi. Mke yule alijua haturudi. Aliingia ndani bila kuaga.

Nyumba ya pili ilikuwa Akheri, kwa mzee wa kanisa. Yeye mwenyewe hanywi. Anatengeneza waini asiyoijua ladha, na kazi ya kuonja amempa mkewe, kwa sharti kwamba aonje na kutema. Kulikuwa na bakuli la kutemea. Mwenzangu wa dawati alinifinya.

"Bakuli kavu," akaninong'oneza. "Mama huyu anaokoka tumboni."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Mama yule akatuona, akajua tumejua, akatutazama kwa macho mekundu ya kutuomba tunyamaze. Tukanyamaza. Waini ilikuwa nzuri, tamu mno kidogo. Mwenye grosari aliuliza tena bei, akauliza tena kreti, akalipa.

Niliona hayo yote. Ndiyo maana najilaumu. Kwenye nyumba ya tatu hakuuliza bei.

Tulipanda kwa miguu, karibu saa nzima, migombani, matope yakitushika viatu. Mlima hatukuuona siku nzima, ulikuwa umejifunika. Mvua ile nyembamba isiyolowesha haraka lakini haikuachi. Nikasema tuishie hapo, waini ya mzee wa kanisa inatosha, mtoto ataugua.

"Imebaki moja tu, shoga," mwenye grosari akasema. "Tena hii ndiyo yenyewe. Wametuwekea nyama."

"Wametujuaje?"

"Nilituma salamu. Ulitaka tufike watu waanze kukimbiza kuku?"

Ilikuwa nyumba ya bati jipya, mapipa nje yamefunikwa magunia. Mzee alikuwa amekaa barazani amevaa kofia ya sufu, akasimama tulipoingia uani. Mzee mzima kusimama kwa ajili ya wasichana wauza mitumba! Nilimwona mpole. Pembeni alikaa bibi aliyejifunga kitenge cheusi. Wanawake wengine walikuwa jikoni, nilisikia sufuria.

"Shikamoo baba," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni sana. Na huyu mzee mwenzangu, kalala?"

"Kachoka, baba. Njia ya kwenu ni ndefu."

"Ni ndefu," akasema. "Kweli ni ndefu."

Bibi akanyoosha mikono. "Nipe mwanangu, upumzishe mgongo. Sitamwamsha." Nikafungua kanga, nikampa. Alimtazama mtoto masikioni, kwanza hili, kisha lile, akamfunika vizuri. Nikadhani anaangalia kama ana homa.

"Mmeonja za watu huko chini?" mzee akauliza.

"Tumeonja," mwenzangu wa dawati akajibu. "Ya kwanza ya kutilia kachumbari, ya pili ya ushirika mtakatifu."

Mzee alicheka kwa adabu. "Yangu mtaionja. Lakini waini ni mtoto, na mtu hasalimii mtoto kabla ya mama. Tuanze na mama yake." Akageuka kuelekea jikoni, akaita kwa Kimeru. Mwanamke akatoka na kata ya pombe ya kienyeji, ulezi unaelea juu, akampa bila kuinua macho.

Mzee akanywa funda moja. Akaigeuza kata. Akaja moja kwa moja kwangu, akawapita wenzangu wote wawili, mmoja wao mkubwa kuliko mimi, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Watu wananiuliza, hukuona? Niliona. Lakini kila mwenye pombe huonja kwanza, ndivyo anavyokuonyesha hajakutilia kitu. Na mzee akikupa kitu kwa mikono miwili unafanyaje? Mama yangu alinifundisha kwa fimbo. Nikapiga goti. Goti zima, kwenye udongo wa uani, na gauni langu zuri. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa. Sikuonja, nilikunywa, kwa sababu nilikuwa na kiu ya mlima na ilikuwa pombe nzuri. Nasema hivyo nikiwa na hasira, lakini nitadanganyaje? Ilikuwa pombe ya mtu aliyejitahidi.

Vigelegele vikapasuka jikoni.

"Jamani," mwenzangu wa dawati akasema huku anacheka, "kuna harusi?"

Hakuna aliyecheka naye. Mwenye grosari alikuwa anaangalia viatu vyake vya matope. Nani anaipigia waini vigelegele?

"Mwanangu," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, hilo nalo nitalisema. "Mtoto wa ndugu yangu alikukosea. Sisi tuliobaki tukakukosea zaidi. Leo umetuosha. Mungu akubariki."

Yule kijana hakuwahi kunipeleka kwao. Ndiyo maana nilisimama uani kwa baba yake mkubwa, mama yake amempakata mwanangu, na sikujua niko wapi.

Nilimnyang'anya bibi mtoto. Aliamka akalia. Nikaitupa kata, ikapasuka, nikaenda pembeni ya mgomba, mtoto kwapani, nikaingiza vidole viwili kooni nikatapika mbele yao wote, waini ya nyumba mbili na pombe yao juu.

"Nimeitoa!" nikapiga kelele. "Haya, ione hiyo hapo! Nimeimwaga chini! Imekwisha!"

"Kilichoshuka kimeshuka, mama," bibi akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia saa.

Nikamgeukia mwenye grosari. Nilimwita majina yote ninayoyajua kwa Kiswahili na mengine kwa Kimeru. Nikamuuliza amepewa nini.

"Sijapewa kitu," akasema. "Shoga, nisikilize. Wewe una miaka ishirini na moja. Utaolewa. Huyo mwanaume atamweka wapi huyu? Hapa kuna shamba, kuna ng'ombe, kuna nyumba ya baba yake. Wewe una chumba nyuma ya wachomelea mageti. Nilikaa naye wodini mimi, nilimwona anavyohangaika kuvuta pumzi. Usinifundishe kumpenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja?"

Nikamtemea mate. Yalimpata shavuni, hakuyafuta. Tulishuka mimi na mwenzangu wa dawati, yeye akabaki. Alibaki akala nyama. Mwezi uliofuata grosari yake ilikuwa na kibao kipya kilichochorwa chupa na mkungu wa ndizi: Ngarenaro nzima waini ya mzee yule ilipatikana kwake tu. Labda ni kweli hakupewa kitu siku ile. Labda alitupenda sote wawili, mimi na mtoto, na kibao kikaja chenyewe. Nimejaribu kuamini hivyo, nimeshindwa.

Walikuja Nduruma baada ya wiki mbili, na mbuzi. Safari hii baba aliniita nje nikae. Mwenzangu wa dawati naye aliitwa, kama shahidi. Mzee wa upande wao akamuuliza mbele ya wote, taratibu, kama mwalimu.

"Binti, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mwenye kata alionja kwanza?"

"Alionja."

"Mwenzako alipiga goti?"

Alinitazama. Ni mwimba kwaya yule, hajui kusema uongo, hata darasani aliwahi kutuchongea wote kwa sababu mwalimu alimuuliza. "Alipiga," akasema.

"Alikunywa?"

"Alikunywa."

"Kuna mtu aliyemshika?"

"Hakuna." Akaanza kulia. "Lakini hakujua! Tulikwenda kuonja waini!"

"Tumekusikia," mzee akasema. "Hakuna aliyemshika."

Yote kweli. Hakuna neno moja la uongo lililosemwa uani kwetu siku ile, na kwa ukweli huo mtupu wakaninyang'anya mtoto.

Baba akanigeukia. Kisha akaniuliza mimi. "Ulikunywa?"

"Baba, walinidanganya."

"Sijauliza hilo. Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Mimi nilisema neno," akasema, bila kuniangalia. "Nililisema mbele ya watu." Hapo nikajua kwamba baba yangu aliyenitetea na baba yangu anayeniuza ni mtu yule yule, na neno ni lile lile. Alichoweza kufanya alikifanya: aliwabana. Mtoto hatatoka ziwani kwa mama yake, akasema. Atakaa na mimi mpaka jino lake la kwanza la utoto ling'oke, ndipo wamfuate. Wakabishana mpaka jua likatua, wakakubali, wakachinja mbuzi. Mimi sikula.

Nilikwenda mahakama ya mwanzo. Karani aliniuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kana kwamba amefundishwa na yule mzee. "Sasa mama," akasema, "si ulikunywa?" Akaniambia mambo ya ukoo yamalizwe nyumbani. Nilimwambia kidato cha nne nimesoma, naweza kuandika malalamiko yangu mwenyewe. Akanipa karatasi. Niliandika kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri. Sijui ziko wapi.

Nimewaza mara nyingi kuhusu lile goti. Wasichana wa mtaani kwetu, wale wanaotafuna ubani mbele ya wazee, wangepokea kata kwa mkono mmoja wakiwa wamesimama, wangeonja, wangesema "mh, chachu", na mzee asingekuwa na la kudai. Mimi nililelewa vizuri. Ningekuwa sina adabu ningekuwa na mtoto wangu.

Mwenzangu wa dawati bado tunakaa naye. Mwaka mzima wa kwanza sikusema naye zaidi ya bei ya mitumba. Yeye ndiye anayemfundisha mtoto kusoma sasa. Mwenye grosari kila Krismasi hutuma zawadi ya mtoto, nguo mpya, si mtumba, saizi yake hasa. Anajua saizi yake. Huwa nairudisha, isipokuwa mwaka jana, kwa sababu ilikuwa viatu na mtoto alikuwa ameshaviona.

Jumapili iliyopita mtoto alikuja mbio kutoka nje, mdomo wazi.

"Mama, tazama! Linacheza!"

Jino la chini, la mbele. Alilisukuma kwa ulimi likainama kama mtu anayesalimia.

"Usiliguse," nikamwambia.

"Lakini linataka kutoka."

"Nimesema usiliguse! Na usimwambie mtu."

"Hata mama mdogo?" Ndivyo anavyomwita mwenzangu wa dawati.

"Hata yeye." Hasa yeye. Yeye akiulizwa atasema.

Tangu siku hiyo nampikia vitu laini. Mtori, uji, viazi vya kuponda. Miwa nimemkatalia, mahindi ya kuchoma nimemkatalia, na analalamika kwamba namnyima bila kosa. Usiku hulala mdomo wazi. Leo asubuhi nimemkuta amekaa mlangoni na kipande cha uzi, mmoja wa watoto wa karakana amemwonyesha jinsi ya kufunga. Nimemnyang'anya uzi nikamchapa, mimi ambaye simchapi, na amelia mpaka akaniuliza kwa nini sitaki awe mkubwa.

Uzi ninao mfukoni. Yeye yuko uani na wenzake, na kutoka hapa ninapoandika naona shavu lake linavyokwenda. Analisukuma tu.